H Moja kwenye Ukuta wa Kota

"Mathe, hapo juu umekosea," mwanamume mmoja alimwambia Milcah Odongo kutoka chini. "Umesahau H."

Milcah alikuwa juu ya ngazi, kopo la rangi nyeusi limening'inizwa kando yake, akipitisha brashi kwenye herufi ya mwisho ya neno ambalo amelipaka upya kila wiki ya Pasaka kwa miaka thelathini na moja. Neno lenyewe ni pana kuliko milango mitatu, na limeandikwa kwenye ukuta ulio nyuma ya uwanja wa mpira wa kikapu, pale kwenye kota za zamani za reli, Nakuru. WASINDI. Hakugeuka. Alimaliza mguu wa ile I, akakamua brashi kwenye mdomo wa kopo, ndipo akatazama chini. Aliona viatu vyeupe ambavyo havijawahi kuonja vumbi, na juu ya viatu hivyo Bwana Ngigi wa Milimani, mwenye timu ya Rift Royals.

"Sijasahau kitu," alisema.

"Si ni washindi? W, A, S, H. Ama?"

"Kwenu ni washindi."

Ngigi alicheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye ana mambo mengine ya kufanya. Alisema hakuna shida, yeye ana vijana wa kuchapisha mabango, wanaweza kuja na bango safi la rangi nne, H ikiwemo, wakaufunika ukuta wote kwa siku moja. Neno hilo "wakaufunika" ndilo lililomshusha Milcah kwenye ngazi.

Ili uelewe ni kwa nini mama wa miaka hamsini na minne alishuka vile, akimwelekezea mheshimiwa brashi inayodondoka rangi, lazima kwanza ujue hiyo H ilipotelea wapi.

Milcah ni fundi wa maandishi. Kama umewahi kula kwenye hoteli ya Nakuru ambayo ukutani pameandikwa chapati, ndengu na matumbo kwa herufi nyekundu zenye kivuli cha manjano, huenda ulikuwa unasoma mkono wake. Kazi hiyo aliirithi kwa babake, mzee Odongo, mpaka rangi wa reli aliyekuwa akiandika namba kwenye mabehewa. Wazee wanasema hakuwahi kuandika namba iliyopinda. Mwaka wa 1979 timu ya Kota ilipochukua Kombe la Bonde kwa mara ya kwanza, walimpa ukuta na rangi, wakamwambia aandike majina ya wachezaji, na juu yake aandike neno washindi. Mzee aliliandika kama lilivyotoka kinywani mwake. Mjaluo wa rika lake, hata umshike masikio, "samaki" na "shamba" kwake yanaanza sawa.

Mwalimu mmoja alikuja mbio kumwonyesha kosa. Mzee Odongo alirudi nyuma hatua tatu, akasoma kwa sauti, silabi moja moja. "Wa-sin-di." Kisha akamgeukia mwalimu. "Sasa kosa liko wapi?"

Kota nzima ilicheka wiki nzima, halafu neno likakataa kufa. Mshindi akabaki kuwa mtu yeyote anayeshinda, hata kwa bahati nasibu, hata kwa kura za wizi. Msindi akawa mtu wa aina nyingine. Msindi ni yule aliyebanwa na asihame. Mama akifiwa na mume, akabaki kwenye chumba kimoja na kusomesha watoto wanne, watu wangesema, "Huyo ni msindi." Reli ilipofuta watu kazi, wengi wakafunga virago kurudi Nyanza na Magharibi, waliobaki walijiita wasindi bila kuona haya. Lakini ukuta ulikuwa na sheria yake, na sheria ilikuwa ya mzee mwenyewe. Jina hupanda ukichukua kombe ukiwa umevaa jezi ya Kota, pamoja na wenzako waliotoka mtaani. Hakuna kombe, hakuna jina.

Ndiyo maana jina la Milcah haliko. Yeye ndiye ameyashika majina yote ya ukuta ule yasifutike, na lake haliko.

Mwaka wa 1993, akiwa na miaka ishirini na miwili, yeye na rafiki yake Nabalayo ndio waliokuwa wachezaji bora wa kike katika Bonde zima. Kampuni moja ya Nairobi ilikuwa ikikusanya wasichana kama hao kutoka kila pembe ya nchi ili ichukue ubingwa, na ikawaita wote wawili. Nabalayo alienda. Milcah alibaki, akaifikisha Kota fainali akiwa na wasichana ambao wawili kati yao walikuwa wakicheza na viatu vya shule. Walishindwa kwa pointi moja, arobaini na nane kwa arobaini na saba. Milcah alikuwa na mitupo miwili ya bure mwishoni kabisa. Wa kwanza uliingia. Wa pili ulizunguka kwenye pete, ukatoka. Babake alikuwa amesimama karibu na ukuta, brashi mfukoni. Aliirudisha nyumbani kavu, na mwaka uliofuata akafa.

Sasa tuje kwa Kigen, maana hasira yote hii ni ya Kigen.

Jonah Kigen alifika Kota akiwa mgongoni mwa mamake, Jerop, aliyetoka upande wa Kabazi kuja kuuza maziwa mjini. Alikua mrefu mpaka mlango wa chumba chao ukawa unampiga kwenye paji la uso. Milcah ndiye aliyemfundisha kushika mpira kwa vidole na si kwa kiganja. Ndiye aliyemfundisha kupiga pointi tatu kwa kulenga herufi N ya WASINDI, kwa sababu iko nyuma ya pete sawasawa. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Kijana alipofika miaka ishirini na mitatu hakukuwa na mwingine kama yeye kutoka Naivasha hadi Eldama Ravine, na kila aliyemtazama akirusha alikuwa anatazama kiwiko cha Milcah.

Aliifikisha Kota fainali mara tatu. Mara tatu walishindwa, na mara ya tatu Kigen alikaa chini katikati ya uwanja akalia mpaka taa zikazimwa. Hilo Milcah hakuwahi kumlaumu. Kulia ni haki ya mtu.

Kilichomuuma ni kilichofuata. Ngigi aliunda Rift Royals kwa kupita mtaa hadi mtaa akichuma mchezaji bora wa kila timu, kama mtu anayechagua nyanya sokoni na kuwaachia wengine zilizobonyea. Kigen alipiga simu mwenyewe kwa wenzake wawili, mahasimu wake wa miaka yote, wakakubaliana kwenda pamoja. Na Milcah alijuaje? Kwa picha kwenye simu ya mtu. Vijana watatu wamekunja mikono, nyuma yao moshi wa kompyuta, na chini maneno ya Kiingereza kwamba Bonde la Ufa sasa ni lao. Hakuja kuaga. Nyumba yake iko hatua arobaini kutoka kwa uwanja, na kijana mwenye miguu mirefu vile hakuweza kuzitembea. Asante ya punda ni mateke, lakini punda angalau hukupiga akiwa karibu.

Tuseme ukweli kuhusu msimu huo, kwa sababu wapo wanaousifu. Mitaa miwili ilijiondoa kabla ya Desemba, kwani haikuwa na mtu wa kucheza. Kota ilikutana na Royals nusu fainali na kupigwa mia moja na nne kwa thelathini na tisa. Kufika robo ya tatu watazamaji walikuwa wamesimama barabarani wananunua mahindi choma, na aliyerudi aliuliza tu kama imeisha. Kigen alicheza dakika kumi na nne. Zilizobaki alikaa kwenye benchi na taulo mabegani, akitazama simu, wakati vijana aliokula nao uji walikuwa wakifukuza mpira ambao hawangeweza kuupata. Milcah alikuwa upande wa pili kama kocha. Alitamani kumvuka mwamuzi, amnyang'anye Kigen ile simu.

Walichukua kombe, bila shaka. Kigen alisimama kwenye paa lililofunguliwa la gari la Ngigi, kombe mkononi, na msafara ukaenda Milimani. Sasa, Kota ikishinda, kombe hutembezwa kwa miguu, na kila mlango unatajwa kwa wimbo, na mama wa mlango huo hutoka na sufuria akiipiga kwa mwiko. Royals hawakuwa na mlango wa kutaja. Walizunguka Milimani mara mbili wakipiga honi, mageti yalikuwa yamefungwa, na waliotoka kuwapokea walikuwa mbwa. Hilo alilisimulia Jerop mwenyewe, mama mzazi, na hakulisimulia kwa kucheka.

Ndipo Kigen akaukumbuka ukuta.

Hakuja mwenyewe kwanza. Alimtuma Ngigi, na Ngigi akaja na viatu vyake vyeupe kumwonyesha fundi kosa. Ombi lilikuwa rahisi tu: jina la Kigen liandikwe, kwa sababu ni mtoto wa Kota na amechukua Kombe la Bonde. Baada ya hapo Royals wangeweka mbao mpya na pete mpya pande zote mbili za uwanja.

"Alichukua akiwa amevaa jezi gani?" Milcah alimuuliza.

"Mathe, jezi ni nguo tu."

Milcah alimtazama mpaka akaondoka.

Kesho yake alasiri Kigen alikuja. Milcah alikuwa amekaa nje ya kibanda chake cha kazi kando ya uwanja, anasafisha brashi kwa tapentaini. Kijana aliinama kumsalimu, mkono wa kushoto ukishika wa kulia, kama alivyofunzwa na mamake.

"Coach, sasa."

"Nani amekuonyesha njia?"

Kigen alimeza mate. Alichuchumaa, maana hapakuwa na kiti cha pili. "Coach, najua umekasirika. But niambie ukweli. Ulitaka niendelee kulose mpaka lini? Three finals. Ile team haingewahi shinda, na wewe ulijua."

"Nilijua walikuwa wakiamka saa kumi na moja kufanya mazoezi na wewe. Hilo ndilo nilijua."

"Hata huko majuu mastaa wanafanya hivyo. Wanapigiana simu, wanachagua team moja, wanachukua championship. Wanaitwa champions. Hakuna mtu huwauliza."

"Wanaulizwa kila siku, Jonah. Hata mimi ambaye sina televisheni nasikia mkibishana hapo kwa kinyozi. Huyo ana makombe mangapi? Manne. Lakini mawili alienda kuyafuata kwa wenyewe. Miaka inapita, mtu anazeeka, na hiyo lakini haizeeki. Umejitafutia kombe lenye lakini, halafu unataka niipake rangi."

"Kombe ni kombe."

"Basi liandike kwa gari ya Ngigi."

Kigen alisimama. Kivuli chake kikafunika brashi zote. Alikuwa amekasirika sasa, na sauti yake ilikuwa ya chini, jambo lililofanya maneno yaume zaidi.

"Coach, wewe ulibaki. Uliitwa Nairobi ukakataa, kila mtu anajua hiyo story. Na jina yako iko wapi kwa hiyo ukuta? Haiko. Nabalayo alienda, hayuko. Wewe ulibaki, hauko. Sasa mnataka mtu afanye nini?"

Kijana aliondoka kwa hatua ndefu, na Milcah akabaki ameshika brashi iliyokwisha kuwa safi, akiisafisha tena na tena. Alikasirika kwa sababu alitukanwa. Alikasirika zaidi kwa sababu halikuwa tusi.

Kamati ya uwanja ilikutana Alhamisi chini ya uenyekiti wa Odero, ambaye jina lake liko ukutani, 1988, na ambaye hukumbusha watu hilo kila anapopewa nafasi. Yeye humwita Milcah kwa Kijaluo, nyar Odongo, binti ya Odongo, hasa anapotaka kitu.

"Nyar Odongo, hizi pete zimeoza kabisa. Juzi moja nusura imwangukie mtoto. Huyu mtu anatupatia mpya, na mbao. Anataka mstari mmoja tu."

"Baba alisema hakuna kombe la Kota, hakuna jina."

"Mzee alisema, na mzee tumemzika. Ukikataa, ataleta bango lake afunike kila kitu, na kamati itakubali, mimi nakwambia mapema ndio usiseme sikukwambia. Afadhali uandike wewe."

Ilikuwa kweli. Aliwatazama wanaume watano wenye majina ukutani ambao walikuwa tayari kuyafunika kwa karatasi ya plastiki ili wapate chuma kipya, akahisi damu ikimpanda mpaka masikioni. Watu hawa walibebwa mabegani. Sufuria zilipigwa kwa ajili yao. Aliwaambia hivyo, mmoja baada ya mwingine, kwa majina na miaka yao, na hakuna aliyeinua macho.

"Nitaandika," alisema.

Odero alishangaa. "Utaandika vizuri?"

"Nitaandika kwa Kiswahili sanifu."

Aliandika Ijumaa peke yake. Alitumia kamba na chaki kunyoosha mistari, akachanganya nyeusi yake mwenyewe, akatia kivuli cha manjano ambacho huwa hakiweki kwa jina lolote la ukuta ule. Mahali alipochagua ni pembeni kushoto, nje ya orodha, lakini si mbali. Wachache waliowahi kumtazama akiandika wanasema hakuwa ameandika vizuri vile tangu babake alipokuwa hai. Alipomaliza alifunika kwa leso.

Jumamosi saa nane uwanja ulijaa. Royals walikuja na koti zao zinazong'aa kama zimepakwa mafuta ya nazi, na mpiga picha, na spika mbili. Mbao mpya zilikuwa tayari zimefungwa. Jerop alisimama mbele kabisa, kitambaa kipya kichwani, maana mtoto ni mtoto. Ngigi alizungumza kuhusu historia. Kisha akamwashiria Milcah, na Milcah akaivuta leso.

MSHINDI
JONAH KIGEN
2025

Ngigi ndiye aliyepiga makofi wa kwanza. "Safi sana," alisema kwenye kipaza sauti. "Na leo, mathe, H iko."

Vicheko vichache vilitoka upande wa Royals. Upande wa Kota hapakuwa na kicheko. Palikuwa na ukimya wa watu wanaosoma, kwa sababu mtu wa Kota huanza kusoma kwa ukuta ule kabla hajapelekwa nasari. Halafu bibi mmoja mzee, mke wa aliyekuwa fundi wa breki za treni, alisema kwa sauti ya kawaida tu, kama anayemwonyesha mwenzake mvua inakuja. "Amewekewa H."

Ikaenda nyuma hivyo, mdomo kwa mdomo. H. Umeona H? Ndiyo, H. Wenye koti zinazong'aa hawakuelewa. Walidhani wanasifu maandishi. Katika wote waliovaa koti ile, mmoja tu ndiye aliyejua kusoma neno lile, na alikuwa amelitazama kutoka wakati leso ilipoanguka. Uso wa Kigen ulifanya kitu ambacho Milcah hakuwahi kukiona hata kwenye zile fainali tatu. Hakikuwa kilio. Ulifungwa tu, kama duka. Mpiga picha akamwambia asimame kando ya jina lake na atabasamu. Akasimama. Akatabasamu. Picha ipo, unaweza kuiona, na kama hujui habari hii utadhani ni kijana mwenye furaha.

Milcah alikuwa ameingoja saa hiyo kwa hamu. Haikumpa ladha aliyoitarajia. Aliona Jerop akigeuka na kuondoka, kitambaa kipya kichwani, hotuba zikiendelea. Jumatatu asubuhi Jerop alipita na maziwa mlangoni kwa Milcah na hakusimama. Jumanne pia hakusimama.

"Ningeandika nini?" Milcah aliiuliza sufuria yake ya chai ya rangi. Alikuwa bado na hasira, na tuseme alikuwa na haki. Aliombwa kusema uongo kwa mkono wa babake na akasema kweli. Kama kweli inauma, si yeye aliyeitengeneza.

Jumatano alipanda Dundori, ambako kanisa moja lilitaka kibao kipya, na alipomaliza akapita kwa Nabalayo, aliyejistaafia huko na viazi vyake. Vikombe vitatu vya ubingwa wa Nairobi viko kwenye rafu ya jikoni. Kimoja kina chumvi.

"Siku hizi huwa unavitazama?" Milcah alimuuliza.

Nabalayo alikuwa anamenya. "Navipangusa. Ukweli, Milcah, kuna wale tulicheza nao, majina yao nimesahau. Tulikutana, tukashinda, kila mtu akaenda kwao." Alitupa kiazi kwenye maji. "Ile fainali yenu ya pointi moja ndiyo huwa naiota. Na sikuwepo."

Milcah alirudi mjini kabla jua halijashuka, akapitia uwanjani kuangalia kama rangi ya Kigen imekauka vizuri. Odero alikuwa pale, ameketi kwenye jiwe, sura ya mtu aliyekalia habari.

"Usiniulize mimi," alisema Odero kabla hajaulizwa. "Yule kijana alikuja mwenyewe. Akachukua ngazi ya mzee na kopo lako. Tulimwambia utapindisha. Akasema anajua."

Milcah alitazama ukuta. Katika orodha yenyewe, mahali palipo wazi kati ya mwaka wa 1990 na 1996, palikuwa na mstari mpya. Herufi zilipanda mlima kisha zikateremka. Rangi ilikuwa imemwagika kwenye D mbili na kuchuruzika hadi chini. Ile S ilikuwa na tumbo la ng'ombe anayekaribia kuzaa.

MILCAH ODONGO, MSINDI, 1993

"Nani amemruhusu?" alisema. Hasira ilimpanda ikiwa nzima, afadhali ile ya juzi. "1993 tulishindwa. Arobaini na saba. Nilikosa mtupo, Odero, ulikuwa hapo. Hilo ni kombe gani?"

"Nilimwambia hivyo. Nikamwambia sheria ni kombe."

"Akasema nini?"

"Akaniuliza msindi ni nani. Nikamwambia si unajua, ni yule mtu alibanwa na hakuhama. Akasema, basi." Odero alijikuna kidevu. "Nikamuuliza kama anataka niifute hiyo H yake wakati tuko na rangi. Akasema niiache. Eti hiyo ni yake, atakaa nayo."

"Na sasa ameenda wapi?"

"Mazoezi. Ya Royals. Alisaini mpaka mwaka ujao."

Milcah aliingia kibandani akatoka na tambara na chupa ya tapentaini, akaenda moja kwa moja hadi kwenye mstari ule. Rangi ilikuwa bado mbichi, pangusa moja tu ingetosha. Alilowesha tambara. Kidole chake kilikuwa kimekaribia ile M mpaka akaona nywele ya brashi iliyobaki ndani ya rangi, brashi yake nzuri, kijana ameiharibu. Mkono ulikaa pale. Alijaribu kuwaza babake angesema nini kuhusu ile S, na alichokumbuka ni brashi iliyorudi nyumbani kavu.

"Unaifuta?" Odero aliuliza.

Milcah alirudi nyuma hatua tatu. Akasoma kwa sauti, silabi moja moja, kama mtu anayetafuta kosa. "M-sin-di."

Halafu akaurudisha mfuniko wa chupa ya tapentaini, akaukaza.